Paneli za sandwichi zinazostahimili moto: mwongozo kamili, kuanzia kuchagua kiini hadi kukabidhi jengo

Chukua kipande cha paneli ya sandwichi kilichokatwa, ukitazame ubavuni. Kuna bati jembamba la chuma upande mmoja, unene wake nusu milimita hivi, bati jingine upande wa pili, na katikati kiini kinene kilichobandikwa kwa gundi. Bati likiwa peke yake unalikunja kwa mkono. Kiini kikiwa peke yake kinakatika. Vikishikamana, vinasimama mita kadhaa bila nguzo ya katikati. Ndiyo maana maghala, viwanda, vyumba vya baridi na karakana nyingi hujengwa hivi: ukuta unafika ukiwa tayari, unapanda kwa siku chache, na joto la nje halipenyi kirahisi.

Siku moto unapowaka, mambo mawili ndiyo huamua kama watu watapata muda wa kutoka: kiini ni cha nini, na viungo vimefungwaje. La kwanza siku hizi wengi wanalijua. La pili ndilo linalopuuzwa, nami nitakaa nalo zaidi, kwa sababu moto hausumbuki kutoboa katikati ya paneli wakati pembeni kuna mwanya.

Hatua ya 1: Tenganisha maswali mawili

Muuzaji akikuambia paneli yake "haishiki moto", muulize anajibu swali lipi. Swali la kwanza ni hili: bidhaa yenyewe inachangia moto kiasi gani? Katika mfumo wa Ulaya, jibu lake hutolewa kwa herufi kuanzia A1 hadi F chini ya kiwango cha EN 13501-1, pamoja na alama ya moshi (s1 hadi s3) na ya matone yanayowaka (d0 hadi d2). Paneli nzuri ya pamba ya mawe kwa kawaida huandikwa A2-s1,d0. Pamba ya mawe yenyewe ni A1, lakini paneli nzima hushuka ngazi moja kwa sababu ya gundi na rangi ya bati. Ukiona paneli ya kubandikwa kwa gundi inanadiwa kuwa A1, omba karatasi na uisome mwenyewe.

Swali la pili ni tofauti kabisa: ukuta uliojengwa kwa paneli hizo utauzuia moto kwa dakika ngapi? Hapa ndipo unapokutana na maandishi kama EI 30, EI 60 au EI 120. E ina maana kwamba miali na gesi za moto hazipenyi. I ina maana kwamba joto halivuki kiasi cha kuwasha vitu vilivyo upande wa pili. Namba ni dakika.

Ukijua jinsi jaribio linavyofanyika, namba hizo hutazitazama tena kama mapambo. Ukuta hujengwa mbele ya tanuri, kisha tanuri huwashwa kwa kufuata mstari wa joto wa ISO 834: dakika ya 30 ndani kuna nyuzijoto 842, dakika ya 60 kuna 945, dakika ya 120 kuna 1,049. Upande wa pili vimebandikwa vipima joto. Wastani wa vipima hivyo ukipanda zaidi ya nyuzijoto 140 juu ya joto la mwanzo, au sehemu moja tu ikipanda zaidi ya 180, alama ya I imekwisha hapo. Kwenye viungo vyenye wasiwasi, mpimaji husogeza kipande cha pamba laini karibu na ufa. Pamba ikishika moto, E imekwisha. Ukuta mzima wa mita tatu unahukumiwa kwa ufa unaopitisha hewa moto kidogo tu.

Paneli inaweza kufaulu swali moja na kushindwa jingine. Dai majibu yote mawili.

Hatua ya 2: Chagua kiini

Polistireni, lile povu jeupe la vidonge vidonge, ni nafuu na jepesi. Hulainika joto likikaribia nyuzijoto 100, hujikunja, na kuacha uwazi kati ya mabati mawili. Uwazi huo unageuka kuwa bomba la moshi: moto unasafiri ndani ya ukuta na juu ya dari bila mtu kuuona. Mwaka 1993, wazima moto wawili walikufa ndani ya kiwanda cha kusindika kuku mjini Hereford, Uingereza, kilichokuwa na paneli za namna hii. Kwa ukuta unaotakiwa kuzuia moto, kiondoe kwenye orodha.

Povu la poliurethani (PUR) huzuia joto vizuri sana, lakini linawaka, na moshi wake una monoksidi ya kaboni pamoja na gesi ya sianidi. Povu la PIR (poliisosianureti) ni ndugu yake aliyeboreshwa. Likipigwa na moto, uso wake hugeuka mkaa mgumu unaochelewesha moto kuingia ndani, na baadhi ya mifumo ya PIR hupata EI 30 au zaidi. Bado ni kitu kinachoungua. Kwa ukuta wa nje wa ghala lisilo na hatari kubwa linaweza kutosha, mradi karatasi za majaribio zipo. Kwa ukuta unaotenganisha sehemu mbili za jengo, au unaolinda njia ya kutokea watu, mimi silichagui.

Pamba ya mawe ndiyo chaguo la kazi hii. Ni mawe ya volkano, hasa basalti, yaliyoyeyushwa kwenye tanuri la nyuzijoto 1,500 hivi na kuvutwa kuwa nyuzi. Nyuzi hizo huvumilia zaidi ya nyuzijoto 1,000 bila kuyeyuka. Pamba ya kioo ni ya familia moja, nayo haichangii moto, lakini hulegea na kuyeyuka mapema zaidi. Usikubali ibadilishwe kimyakimya pale mchoro unapotaka pamba ya mawe.

Bei ya pamba ya mawe ni uzito na unene. Inapitisha joto karibu mara mbili ya PIR, kwa hiyo chumba cha baridi kitahitaji ukuta mnene zaidi kupata ubaridi uleule. Uzito nao piga hesabu mapema: mabati mawili ya nusu milimita yana karibu kilo 8 kwa mita ya mraba, na kiini cha milimita 100 chenye kilo 100 kwa mita ya ujazo kinaongeza kilo 10. Jumla ni kilo 18. Paneli ya mita 6 kwa mita 1 inapita kilo 100. Hiyo si ya kubebwa kichwani na mafundi wawili kwenye jukwaa, na vyuma vya kuibeba lazima mhandisi avihesabu upya ikiwa mchoro wa awali ulikuwa wa povu.

Hatua ya 3: Soma ripoti ya jaribio hadi mwisho

Cheti cha ukurasa mmoja hakitoshi. Omba ripoti ya uainishaji yenye jina la mfumo, kisha uilinganishe na mchoro wako kipengele kwa kipengele. Paneli zilisimamishwa wima au zililazwa? Umbali kati ya vishikizo ulikuwa kiasi gani? Unene gani, uzito gani wa kiini, bati la unene gani? Viungo vilifungwa kwa skrubu za aina gani, na kila baada ya milimita ngapi? Kulikuwa na mastiki (uji mzito wa kuziba mianya) ndani ya kiungo?

Matokeo ya ukuta wa mita 3 hayakupi ruhusa ya kujenga mita 9. Chini ya EN 1364-1, ukuta uliojaribiwa ukiwa na mita 3 unaweza kuongezwa mita 1 tu, na hapo pia kwa sharti kwamba haukupinda zaidi ya milimita 100 wakati wa jaribio. Zaidi ya hapo unahitaji tathmini rasmi ya kupanua matokeo, ambayo kwa paneli za sandwichi hufuata EN 15254-5. Dari nayo ina jaribio lake. Paneli iliyofaulu kama ukuta haijafaulu kama dari.

Sheria ya mahali unapojenga ndiyo yenye neno la mwisho kuhusu dakika zinazotakiwa. Mwone msanifu na kikosi cha zimamoto mchoro ukiwa bado karatasini, si paneli zikiwa zimeshaagizwa.

Hatua ya 4: Tazama kinachobeba ukuta

Kosa hili linarudiwa mno. Mtu ananunua paneli za EI 120 na kuzifunga kwenye nguzo za chuma zilizo wazi. Chuma kikifika nyuzijoto 600 hubakiwa na chini ya nusu ya nguvu zake, na ndani ya moto mkubwa nguzo nyembamba haichukui muda mrefu kufika huko. Nguzo inapinda, ukuta unaifuata, na zile dakika 120 zinaishia kwenye ripoti. Nguzo na mihimili inayoshika ukuta wa moto lazima ilindwe kwa muda uleule wa ukuta: kwa rangi inayovimba ikipata joto, kwa mbao za jipsamu, au kwa kufunikwa na zege. Ukuta unaotenganisha sehemu mbili unapaswa pia kufika hadi chini ya paa au kulipita, kadiri mchoro unavyoagiza. Ukiishia kwenye dari ya kawaida, moto utapita juu yake.

Hatua ya 5: Kupokea na kutunza mzigo

Lori likifika, usisaini kwanza. Linganisha lebo za kila furushi na ripoti. Pima unene wa bati na wa paneli. Kisha chukua kipande cha mabaki, kipeleke nje mbali na kila kitu kinachoweza kuwaka, vaa glovu, na uelekeze mwali mdogo wa tochi ya gesi kwenye kiini kwa nusu dakika. Pamba ya mawe itabadilika rangi na kutoa harufu kidogo kwa sababu ya gundi ya nyuzi zake, lakini haitawaka. Polistireni itakimbia mwali na kudondoka. Poliurethani itawaka. PIR itafanya ganda jeusi. Hili halichukui nafasi ya maabara, ila linakuonyesha papo hapo ikiwa umeletewa kiini kisicho chako.

Weka mafurushi juu ya vipande vya mbao au povu gumu, kwa mteremko kidogo ili maji yatoke, na uyafunike kwa turubai linaloacha hewa ipite. Pamba ya mawe iliyolowa inakuwa nzito, na gundi inayoishikanisha na mabati hudhoofika. Ncha zilizokatwa ndizo hunywa maji zaidi. Filamu ya plastiki iliyo juu ya bati itolewe mapema. Ikipigwa na jua kwa wiki kadhaa inang'ang'ania na kuharibu rangi.

Hatua ya 6: Kukata na kusimamisha

Kata kwa msumeno wa umeme wenye bledi ya meno ya chuma, taratibu. Grainda iache kwenye sanduku. Cheche zake huunguza rangi na kuondoa zinki kwenye ukingo, na chembe za moto zinazorukia bati huanza kutu baada ya mvua ya kwanza. Fagia chembe zote za chuma siku hiyohiyo. Vaa barakoa, miwani na mikono mirefu, maana vumbi la pamba linawasha ngozi na koo.

Inua kwa vishikio vya kunyonya au mikanda mipana, si kwa kamba nyembamba inayokata ukingo. Ukingo ukipondeka, ulimi hautaingia kwenye mfereji wa paneli jirani, na hapo umeshajitengenezea mwanya.

Kumbuka pia kwamba bati hutanuka. Paneli ya mita 6 yenye unene wa milimita 100, bati la nje likiwa na joto zaidi ya la ndani kwa nyuzijoto 50, inataka kupinda katikati kwa karibu milimita 27. Rangi nyeusi au bluu iliyokoza huzidisha jambo hilo: hesabu za EN 14509 huchukulia kwamba bati la rangi nyepesi sana hufika nyuzijoto 55 wakati wa jua kali, na la rangi iliyokoza 80. Mahali pa jua kali, rangi nyepesi inapunguza mvutano kwenye skrubu na viungo kwa miaka yote ya jengo.

Hatua ya 7: Viungo, sakafu na kona

Hapa ndipo kazi ilipo.

Moto ukipiga upande mmoja, gundi ndiyo ya kwanza kufa. Bati la upande wa moto linaachana na kiini, linatanuka, linajikunja, na linataka kuivuta paneli itoke kwenye mfereji wake. Kinachobaki kuushika ukuta ni skrubu tu. Kwa hiyo skrubu zinazopita paneli nzima hadi kwenye chuma, na skrubu ndogo zinazoshona bati la paneli moja na la jirani yake, si pambo. Ziweke kwa nafasi ileile iliyo kwenye ripoti. Ripoti ikisema pande zote mbili zishonwe, shona zote mbili, hata kama upande mmoja unatazamana na ukuta mwingine na hakuna atakayeuona. Tumia skrubu za chuma. Ribiti za alumini zinayeyuka kwenye nyuzijoto 660, na tanuri la jaribio limeshapita hapo kabla ya dakika ya 10. Vishikio vya plastiki hata tusivizungumzie.

Kabla ya kusukuma paneli ndani ya jirani yake, tazama kiini kwenye ukingo. Kinatakiwa kujaa hadi kwenye ulimi, bila shimo. Kikiwa kimerudi ndani sentimita moja, jaza kwa ukanda wa pamba ya mawe uliobanwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi hapa tunausemea ufa wa kweli. Kama mfumo unataka mastiki inayovimba, paka mstari usiokatika, si madoa hapa na pale.

Chini, paneli hukaa ndani ya chuma cha mfereji, au kati ya vyuma viwili vya pembe vilivyofungwa sakafuni kwa bolti za chuma. Sakafu haiko sawa kamwe. Kwa hiyo chini ya mfereji weka ukanda wa pamba ya mawe au mastiki ya moto kuziba mawimbi ya zege. Juu, acha nafasi ya kutanuka kama mchoro unavyosema na uijaze pamba ya mawe iliyobanwa. Kwenye kona, kata bati la ndani la paneli moja mahali panapokutana na nyingine, ili joto lisisafiri ndani ya chuma kutoka chumba hadi chumba. Kisha jaza pamba na ufunike kwa mabati ya kona pande zote mbili, yenye skrubu za chuma.

Povu la kupuliza la kopo, lile la kufungia milango, lisiguse ukuta huu isipokuwa ripoti ya mfumo wako inalitaja kwa jina.

Hatua ya 8: Matundu ya nyaya, mabomba na milango

Nilisimama siku moja nyuma ya ukuta mpya, safi, viungo vimeshonwa kwa mstari ulionyooka. Fundi umeme alikuwa amemaliza asubuhi. Kwa waya wa unene wa kidole alikuwa amekata tundu la ukubwa wa sahani, kisha akalijaza povu na kulifunika kwa kifuniko cheupe cha plastiki. Kwa macho, kazi nadhifu. Niliuingiza mkono hadi kiwiko. Ukuta ule ulikuwa umegharimu mamia ya saa za kazi, na tundu moja lilikuwa limeshaubatilisha.

Kwa hiyo panga njia za nyaya na mabomba kabla ya paneli kusimama, na uzikusanye zipite sehemu chache. Tundu likatwe kwa kipimo, lizungushiwe chuma ili mabati mawili yashikane na kiini kisiwe wazi, kisha lizibwe kwa mfumo uliojaribiwa ndani ya ukuta wa paneli za aina hiyo. Bomba la plastiki linahitaji kola inayovimba, kwa sababu bomba huyeyuka na kuacha shimo la duara. Kola huvimba na kulifunga. Mfereji wa hewa unahitaji mlango wa moto wa ndani unaojifunga joto likipanda, nao ubebwe na vyuma vyake wenyewe, usining'inie kwenye bati.

Mlango wa kuzuia moto uwe na muda unaolingana na unaotakiwa kwa ukuta, na fremu yake ishikwe na nguzo zake za chuma kutoka sakafuni. Ukifungwa kwenye paneli peke yake, miezi sita ya kupigapiga itaulegeza.

Kila tundu lililozibwa lipewe namba, picha na tarehe. Bandika lebo hapohapo ukutani.

Hatua ya 9: Moto wa siku za ujenzi

Tarehe 7 Januari 2008, ghala la baridi lilishika moto mjini Icheon, Korea Kusini, na watu 40 wakafa. Tarehe 29 Aprili 2020, katika mji huohuo, ghala jingine lililokuwa likijengwa liliua watu 38. Wengi wa waliokufa walikuwa mafundi kazini. Inauma kuliandika hili, kwa sababu jengo linakuwa hatari zaidi pale ambapo bado halijawa jengo: viini viko wazi, gundi na rangi ziko sakafuni, kengele hazijafungwa, milango ya dharura imezibwa na mzigo.

Kuchomelea kote karibu na paneli kuwe kwa kibali cha siku hiyo. Ondoa vinavyowaka kwa umbali wa mita 10 au uvifunike kwa blanketi la moto, weka mtu mmoja mwenye kizima moto asiye na kazi nyingine, na abaki akilinda angalau dakika 60 baada ya tochi ya kuchomelea kuzimwa. Kazi ya kupuliza povu au kupaka gundi yenye mvuke isifanywe siku moja na kuchomelea katika nafasi moja. Kama chuma kinaweza kufungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa, funga kwa bolti.

Hatua ya 10: Kukabidhi na kuishi na jengo

Faili la kukabidhi liwe na ripoti za majaribio, michoro kama ilivyojengwa hasa, picha za viungo kabla ya kufunikwa, na orodha ya matundu yote. Weka nakala moja mahali ambapo wazima moto wataipata mlangoni, ikieleza kiini cha kila ukuta na kila dari. Kwao, kujua kama juu ya vichwa vyao kuna pamba ya mawe au povu ni tofauti ya kuingia na kutoingia.

Baada ya hapo, zunguka ukuta angalau mara moja kwa mwaka ukiwa na tochi. Tafuta skrubu zilizolegea, kutu kwenye ncha, paneli zilizogongwa na mashine za kubebea mizigo, na matundu mapya. Matundu mapya hayakosekani: kamera, intaneti, bomba la kiyoyozi. Mwambie kila fundi anayeingia kwamba hatoboi ukuta bila kuandikwa kwenye daftari la matundu, na kabla hajalipwa, nenda ukalitazame tundu lake pande zote mbili.